Nta

Bwana, ni mimi tena,
Haykanush wa kontena namba saba, kando ya reli,
hapa Gyumri, ambako theluji haibishi hodi.
Waliotuleta humu walisema: makazi ya muda, miaka miwili.
Miwili ikazaa, na wanawe wakazaa,
nami nimezeeka ndani ya neno “muda”.

Hali yangu waijua, ila nitaisema,
maana usiku ni mrefu na jiko limekula kiti cha mwisho.
Bati linatoka jasho tukilala;
alfajiri jasho limeganda, ukuta una meno.
Goti la kushoto, lile lililobaki chini ya zege
tangu asubuhi ile hadi taa za askari zilipolikuta,
linatabiri baridi kuliko redio.
Vahram yuko Krasnodar, anapaka rangi nyumba za watu.
Hupiga simu Jumapili, zile Jumapili ambazo hajalewa.
Na yule mwingine,
yule aliyekwenda shule na kitambaa cheupe kichwani
na saa ya ukutani ikasimama saa tano na dakika arobaini na moja,
yeye
nimwachie nafasi yake, nitarudi.

Miaka kumi sikusema nawe.
Nikifika karibu na kanisa nilivuka barabara
kama mtu anayemkwepa mdai,
kumbe mdai nilikuwa mimi.

Sikurudi kwa ndoto wala kwa malaika.
Nilirudi kwa ajili ya kuni.
Shemasi Zareh alitafuta mtu wa kukwangua nta
kwenye sinia za mchanga wanapochomeka mishumaa;
malipo ni kuni mikono miwili, na sukari siku ya Pasaka.
Nikakwangua.
Sikuomba, Bwana, usijihesabie. Nilikwangua.

Nta ya mama mwenye mwana mpakani,
nta ya bibi arusi, nta ya mlevi,
nta ya yule fundi viatu anayewasha miwili
na hasemi wa pili ni wa nani,
yote ndoo moja.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa.
Mimi nimeukwangua kwa kisu, nimeubeba hadi uani;
usufi hauvunji mgongo hivi.

Tunaiyeyusha, tunachuja mchanga, tunatia utambi,
na mshumaa hutoka mwembamba, umepinda kidogo, una harufu ya jana.
Siku moja, mwezi wa pili, mmoja ukiwa bado vuguvugu kiganjani,
nilijiuliza: haya ni maombi ya nani?
Sikupata jibu.
Nikauchomeka mchangani.
Nikasema: Ashkhen.
Miaka kumi ulimi wangu haukuwa umelibeba jina lile,
na halikunivunja.
Liliwaka, likaisha, nikalikwangua kama mengine.

Wahubiri hupita na gitaa, wanatuambia
imani huhamisha milima.
Milima nimeiona ikihama, ahsante,
mara moja yanitosha.
Mimi nipe ya kukaa.
Nipe ile inayomwaga maji ya moto kwenye kufuli lililoganda,
ikangoja,
ikamwaga tena.

Goti hukuliponya. Orodha ya nyumba mpya
ina jina langu kwenye ukurasa ambao panya wameutafuna pembeni.
Kuna usiku bado nakugombeza hadi jirani Siranush
agonge bati: “Mwachie naye alale!”
Nacheka. Fikiria, nacheka humu.

Sijui kama ndizo nguvu walizoziimba mashahidi.
Zangu zina ukubwa wa kisu cha jikoni,
na asubuhi huniinua, mguu mmoja, kisha ule mwingine,
njia nzima hadi kwenye kuba la zamani lililolala uani
pale pale lilipoanguka, hakuna aliyeliinua,
na shomoro wanaingia na kutoka kwenye ufa wake.

Basi. Kuni zimekwisha.
Kesho ni Jumapili, simu nimeichaji kwa Siranush.
Mkumbushe Vahram.
Na kile kisu, Bwana, kimelegea mpini;
nitafutie msumari.